Fundo la Utundu

Aliyebaki nyumbani husimulia ya nyumbani, na aliyefika Kimyani hana budi kusimulia ya Kimyani, hata kama wasikilizaji watanong'onezana kwamba anatunga. Mwasiti alifika. Njia yenyewe haina habari: ilikuwa ndefu, vumbi lilikuwepo, na binti yake Tunu, mwenye miaka saba, aliuliza maswali zaidi ya mia mbili kabla hawajaona mpaka. Mwasiti aliyajibu kama arobaini hivi. Mengine aliyaitikia "mmh".

Kilichomtoa kwao ni kwamba Tunu alikuwa hatulii. Watoto wote wana utundu, hilo Mwasiti alilijua, lakini huu wa Tunu ulikuwa na kina. Mwalimu akisoma imla, Tunu huandika maneno matatu, akaona mjusi dirishani, na akirudi kwenye daftari wenzake wameshafika chini ya ukurasa. Ukimtuma chumvi hurudi na habari za paka wa jirani, tena habari nzuri, ila chumvi hakuna. Na kila mtu alikuwa na sababu yake tayari mdomoni. Mwalimu alisema ni malezi. Shoga yake wa saluni alisema ni televisheni. Mama mkwe, kwa ile sauti ya upole inayouma kuliko kofi, alisema kuumeni kwao wote ni watu wa kutulia, kwa hiyo mwanangu jiangalie na damu ya kwenu. Mwasiti, ambaye shule ilimwishia kidato cha pili na sasa anasoma masomo ya jioni akishamaliza kuuza vitumbua, alikuwa akilala na swali moja na kuamka nalo: ni mimi? Basi aliposikia kuna nchi ambayo imeshaipata sababu, imeiweka chini ya miwani na kuipa jina, alimvalisha mtoto viatu wakaondoka.

Kimyani ni nchi safi. Majogoo huwika mara moja tu, na kwa kibali. Watu wakikutana mmoja huuliza, "Umetulia?" na mwenzake hujibu, "Nimetulia, sijui wewe." Kupanga foleni kwao ni burudani, siku za mapumziko familia nzima huvaa vizuri ikatafuta foleni ya kusimama, na hawaulizi mbele kuna nini, maana kuuliza ni papara.

Ajabu kubwa kuliko zote iko kiunoni. Kila anayevuka mpaka wa nchi ile, mwenyeji au mgeni, hujikuta amevaa kigwe, kamba nyembamba iliyosokotwa kwa nyuzi za mama yake na nyuzi za baba yake, nusu kwa nusu, zikachanganywa hata mwenyewe huwezi kusema upi umetoka wapi. Ndani ya kigwe mna mafundo madogo yasiyohesabika. Wakimyani huamini kwamba mtu mzima mzima, kuanzia unywele wa nyusi hadi namna anavyokasirika, ameandikwa humo kwa mafundo. Tunu alipoona chake alianza kukifungua kwa meno, na askari wa mpakani akazimia kidogo.

Sheria ya kwanza iliyowapata ni ile ya Maharage. Kila mtoto wa miaka saba hukalishwa mbele ya chungu cha maharage ambayo hayajapikwa, moto ukawashwa, naye huyatazama hadi yaive. Ni maharage makavu ya mwaka juzi, wanayachagua kwa makusudi. Wapo watoto wa Kimyani wanaotazama hadi mwisho, na wazazi wao hulia kwa fahari. Tunu alivumilia hadi maji yalipoanza kutoa vijipovu. Hapo aliuliza vijipovu vinatoka wapi, akafunua kifuniko, akamwambia msimamizi kwamba mamake huloweka maharage usiku kucha ndipo huiva upesi, akahama kiti, kisha akaonekana juu ya dari, na mpaka leo hakuna aliyeweza kueleza alipandaje. Msimamizi aliandika neno moja kwenye daftari lake. Siku ileile kigwe cha Tunu kilivuliwa kikapelekwa Idara ya Mafundo.

Mkuu wa Idara aliitwa Bwana Yakini, mtu mnene kidogo, mkarimu, mwenye kanzu iliyopigwa pasi hata mikunjo yake ilikuwa na mpangilio. Aliwakaribisha chai. Alimweleza Mwasiti kwamba Idara ina miaka arobaini ikitafuta, na kwamba utafutaji umekwisha. Katika vigwe vya watoto wasiotulia elfu nne mia moja na kumi na mbili, wamelikuta fundo lilelile, dogo, jekundu, limekaa kama chawa. Wanaliita fundo la utundu.

"Kwa watoto wote?" Mwasiti aliuliza.

"Wote, mama. Hakukosa hata mmoja. Na huyu wako anayo mawili."

Mwasiti aliweka kikombe chini akalia. Alilia kwa raha, kama mtu aliyetafutwa na deni akaambiwa amefananishwa. Kumbe haikuwa televisheni wala malezi. Lilikuwa fundo, na fundo hukatwa. Bwana Yakini alimpa karatasi ya ridhaa, naye akatia saini kwa mwandiko wake mzuri wa masomo ya jioni. Kukata kungefanyika kesho kutwa, saa nne asubuhi, mbele ya Baraza. Jambo moja tu alilouliza tena ni kama fundo lile lilitoka kwake au kwa baba mtoto, na Bwana Yakini alikohoa akasema hilo liko mikononi mwa Baraza, ambalo limelijadili kwa miaka thelathini na minane na sasa linakaribia kuchagua mwenyekiti wa kikao.

Aliyepewa kazi ya kumwonyesha mafundo alikuwa mama wa makamo, msomaji wa vigwe, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika. Walimwita Bi Pengine, kwa sababu tangu ujanani hakuweza kuanza sentensi bila neno hilo, na ndiyo maana hajapandishwa cheo kwa miaka thelathini na moja. Katika taarifa za Idara maneno "hatujui bado" yamepigwa marufuku. Anayeyaandika hukatwa posho ya chai.

Bi Pengine alikitandaza kigwe cha Tunu juu ya meza kwa mikono ya mtu anayemlaza mtoto mchanga. Mwasiti alichungulia. Aliyaona mafundo mawili mekundu. Lakini aliona pia kwamba kila moja limefumbatwa na nyuzi nyingine kumi, kumi na tano, zimepita humo humo.

"Ukikata hili, hizi nazo?" aliuliza.

"Pengine zitakatika. Huu pengine ndio unaomfanya aimbe akioga. Huu pengine ndio uliomwonyesha mjusi." Bi Pengine alivua miwani akaifuta. "Pengine sivyo. Mimi nasoma tu, mwanangu."

Mwasiti alirudi kwa Bwana Yakini mbio kumuuliza ni nini kingine kitakachokwenda na fundo. Alijibiwa kwa adabu kamili kwamba vinginevyo havimo katika mamlaka ya Idara hii. Mtoto atatulia. Kama baadaye ataonekana hacheki, hilo ni la Idara ya Vicheko, ambayo bado haijajengwa.

Hapo ndipo raha ilipomtoka. Alijaribu kuifuta saini yake, lakini Kimyani karatasi ikishasainiwa haibadilishwi, maana kubadili nia ni dalili ya kutotulia. Alirudi chumba cha wasomaji akakaa. Tunu alikuwa chini ya meza, akihesabu vidole vya miguu vya makarani. Mwasiti aliyatazama masanduku ya vigwe vya watoto watundu, yamepangwa hadi darini, elfu nne mia moja na kumi na mbili, na jambo fulani likaanza kumwasha kichwani. Alimuuliza Bi Pengine vile vya watoto waliotulia vimewekwa sanduku lipi.

Bi Pengine aliinuka, akafunga mlango, akarudi.

"Havipo," alisema. Na safari hii hakuanza na pengine.

Mambo yalikuwa hivi. Katika Kimyani, kumvua kigwe mtu mtulivu ni kumtukana. Ni sawa na kuingia kwa mtu ukafunua masufuria yake jikoni. Kigwe cha mtulivu hufunguliwa kwa ombi lake mwenyewe tu, na ni mtulivu gani ataomba akaguliwe kama mwehu? Kwa hiyo kwa miaka arobaini Idara ilisoma vigwe vya watundu peke yao, ikafurahi kila ilipolikuta fundo, na haikupata kujua kama fundo hilo limo au halimo kwa wengine. Haikuwa siri. Ilikuwa adabu tu. Bi Pengine alisema amesubiri miaka thelathini na moja mtu aulize, kwa kuwa yeye kama mtumishi hana ruhusa ya kuuliza.

Baraza lilipokutana siku iliyopangwa, ukumbi ulikuwa umejaa. Upande mmoja walikaa Wakuumeni, wanaoshikilia kwamba utundu wote huletwa na ukoo wa baba. Upande wa pili walikaa Wakukeni, wanaosema huletwa na ukoo wa mama. Pande hizi mbili hazipeani mikono, ingawa zimeoana sana, hata waume na wake hutengana mlangoni na kukutana tena wakati wa chakula. Alikuwepo pia mzee mmoja anayesema chanzo ni sukari. Hualikwa kila mwaka, husema neno lake, hupewa chai ya sukari nyingi, huondoka.

Mbele kabisa, juu ya kiti cha mninga, alikaa Bi Utuvu, Mtulivu wa Taifa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mgongo umenyooka, mikono mapajani, na hakuwa amejitikisa hadharani kwa miaka ishirini na sita. Watoto wa shule huletwa kumtazama. Tunu alimtazama kwa kumzunguka, mara nne.

Makasi yaliletwa juu ya kitambaa. Bwana Yakini aliposimama kusoma hati, Mwasiti naye alisimama, akaomba kusema neno kabla mwanawe hajakatwa. Wajumbe walitazamana. Hakuna kanuni iliyokataza, kwa kuwa haikuwahi kutokea.

Mwasiti hakuwa na hotuba. Alichokuwa nacho ni vitumbua. Aliwaambia kwamba yeye huuza vitumbua, na kuna wiki moja viligoma kuumuka, vikatoka bapa kama soli ya kandambili. Siku zote hizo alikuwa ametia hamira ya duka la pembeni. Akahesabu: Jumatatu hamira ile, vimegoma, Jumanne hamira ile, vimegoma, akaapa kwamba mchawi ni hamira, nusura akamgombeze mwenye duka. Ndipo akaenda kwa jirani yake anayeuza vitumbua kama yeye, akavikuta vimefura kama mashavu ya mtoto. Akamuuliza hamira kanunua wapi. Ni ileile, duka lilelile.

"Mimi nisingeuliza kwa jirani, mpaka leo ningekuwa namsingizia mtu," alisema. "Sasa nyie wazee wangu, mmeuliza kwa jirani?"

Mjumbe wa Wakuumeni alisema swali hilo ni la kikukeni. Mjumbe wa Wakukeni alisema anashangaa mwenzake kulitambua. Bwana Yakini alieleza, bila hasira, kwamba kuuliza kwa jirani kungehitaji mtulivu ajitolee, na watulivu hawajitolei, ndiyo maana ya utulivu.

Wakati huo Tunu alikuwa amefika miguuni pa Bi Utuvu. Alimuuliza, kwa sauti ambayo yeye hudhani ni ya kunong'ona, kama hawashwi.

Bi Utuvu alimtazama mtoto. Kisha Mtulivu wa Taifa alifumbua kinywa mbele ya watu kwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini na sita.

"Nawashwa, mjukuu wangu, tangu mwaka wa kwanza," alisema. "Nachezesha vidole ndani ya viatu. Pea ya viatu hainimalizii miezi miwili." Halafu akageukia meza ya wasomaji. "Nifungulieni."

Bi Pengine alikifungua kigwe cha Bi Utuvu. Alisoma muda mrefu. Alisoma mara ya pili kutoka upande wa pili. Kisha akatangaza kwamba Mtulivu wa Taifa ana mafundo ya utundu matatu.

Mtu angetegemea kwamba Bwana Yakini angekiri hapo. Hujui wakubwa wa Kimyani. Alifikiri kidogo tu, akatangaza kwamba Idara imegundua jambo zito: Bi Utuvu amekuwa mgonjwa kwa miaka ishirini na sita akauficha ugonjwa wake kwa kutulia. Aliongeza kwamba hii yaonyesha jinsi maradhi haya yalivyo na hila. Wajumbe waliandika. Hapo mwanamke mmoja wa viti vya nyuma, huenda kwa kumwonea huruma Bi Utuvu, alivua kigwe chake akaja nacho mbele akasimama. Mtu wa pili akasimama nyuma yake.

Na hiyo ikawa foleni.

Wakimyani wakaona foleni. Kufumba na kufumbua ukumbi mzima ulikuwa umejipanga, na waliokuwa nje wakaingia, na wauza ndizi wakajiunga bila kujua mbele kuna nini. Bi Pengine alisoma hadi miwani ikafunga ukungu. Fundo lilikuwemo kwa hakimu. Lilikuwemo kwa msimamizi wa maharage. Wakuumeni walikuwa nalo na Wakukeni walikuwa nalo, karibu sawasawa. Kwa wengine moja, kwa wengine manne, na pembeni yake yakaonekana mafundo mengine madogo madogo, ya rangi nyingine, mamia, ambayo hakuna aliyekuwa ameyatazama kwa sababu hayakuwa mekundu. Watundu walikuwa nayo mengi kidogo, watulivu machache kidogo, na mpaka baina yao haukuonekana. Kati ya wajumbe tisa wa Baraza ni mmoja tu aliyekosa kabisa fundo la utundu, naye alikuwa amekwisha kutolewa ukumbini mara tatu kwa kutikisa magoti.

Bwana Yakini alishika msimamo wake. Sheria ni sheria: lenye kuonekana likatwe. Wote wakatwe. Basi mzee wa sukari, ambaye kwa mshangao hakuwa ameondoka, akakumbusha kwamba adabu ya Kimyani ni mkubwa kuonja dawa kwanza.

Kigwe cha Bwana Yakini kilikuwa na mafundo mawili, sawa na cha Tunu. Aliyachukua makasi. Aliyafungua. Ukumbi ulisikia yakilia kidogo, kama mlango. Alikitazama kigwe chake, akakigeuza upande wa pili.

"Bi Pengine," alisema polepole, "humu ndani kuna nini kingine?"

"Vinginevyo havimo katika mamlaka ya Idara, mheshimiwa."

Bwana Yakini aliyaweka makasi juu ya kitambaa, akayafunika kwa pembe ya kitambaa hicho hicho, akasema maneno mawili ambayo masikio ya Kimyani hayajayazoea. Karani aliinua kalamu akauliza kama aandike kweli, maana kuna suala la posho ya chai. Akaambiwa aandike. Akaandika: Hatujui bado.

Mwasiti aliipokea karatasi yake ya ridhaa ikiwa imechanwa katikati, na kigwe cha mwanawe kikiwa kizima. Asubuhi iliyofuata Bi Pengine alifungua daftari jipya lenye pande mbili, watulivu na wasiotulia, na kabla wageni hawajaondoka alimuuliza Mwasiti kama angeridhia chake pia kisomwe, kiwe cha kwanza. Mwasiti alisita. Alikuwa ametoka mbali kuuliza kama ni yeye, na sasa jibu lilikuwa hapo kiunoni, naye akaliogopa. Kisha akakivua.

Bi Pengine alisoma kimya. Alipomaliza alimuuliza alisoma shule hadi wapi. Mwasiti alimwambia kidato cha pili. Hakuwa mjinga, alisema, ila walimu walisema akili yake haikai kitini. Alikuwa akitoka nje kabla ya kengele, na mwisho akatoka moja kwa moja. Hajawahi kumwambia mtu hivyo. Siku zote husema ilikuwa karo.

"Basi sikiliza, mwanangu," Bi Pengine alisema. "Ni wewe kidogo. Pengine na baba yake kidogo, hata kama kwao wanajisifu. Na mengine ni namna mtu anavyolala, anavyofundishwa, anavyopokelewa, na mengine hatuyajui bado. Si kosa. Huyu mtoto hukumwambukiza. Umemrithisha, kama ulivyomrithisha macho hayo."

Alimwambia pia ya kufanya, maana mama hawezi kurudi nyumbani na hekima tupu: ampe agizo moja, la pili lingoje la kwanza limalizike, amwombee kwa mwalimu kiti cha mbele, mbali na dirisha, na kama kwao wapo matabibu wa watoto wanaolijua jambo hili, aende bila haya, dawa ikihitajika ni dawa kama nyingine, haimkati mtu fundo.

Mwasiti alisikia vizuri la kwanza na la pili. Alikuwa bado kwenye yale ya macho. Miaka yote hiyo alikuwa akimtazama Tunu kama mzigo aliouangusha mahali asipopakumbuka, na kumbe alikuwa akimtazama msichana mmoja wa kidato cha pili aliyetoka darasani bila mtu kumuuliza anakwenda wapi.

Alitaka kumwomba Bi Pengine arudie. Lakini mlango ulikuwa wazi, Tunu hayupo, na kutoka barabarani zilisikika kelele za Wakimyani ambao foleni yao imevunjwa katikati. Mwasiti aliomba radhi, akachukua kigwe chake bila kukifunga, akamfuata mwanawe mbio, mguu mmoja kiatu, mwingine peku.